Alo, Namba Ngapi?

Miaka ishirini na mbili nilikaa Posta ya Bukavu,
visikilizio masikioni, waya mkononi,
nikiuchomeka mji tundu kwa tundu:
askofu kwa fundi bomba, mdai kwa mdeni,
bwana wa Nguba kwa yule asiyekuwa mkewe.
Namba zote zilikaa kichwani.
Daftari lilikuwepo; tulilifunikia chai.

Leo mwanangu Nsimire akiniuliza namba yake
mkono wangu unakimbilia pochi.
Simu ndiyo inayomjua.
Mimi nimebaki na jina.

Daktari wa Nyawera, kijana, ndevu bado zinajadiliana,
alinifunga mkanda mkononi, akapampu, akaguna.
"Mama, chumvi. Presha ikikopa, ubongo ndio unaolipa.
Tembea. Kula maharage, lengalenga, sambaza."
Nilicheka mpaka kiti kikalia.
Kumbe dawa ni ile tuliyoiita umaskini!
Mama yangu aliupanda mlima wa Kadutu na mzigo wa mihogo,
kamba kwenye paji la uso,
sambaza akazificha wageni wakija,
na akafa na miaka themanini na minane
akinidai zaire tatu za mwaka wa mvua ya mawe.
Pesa zenyewe zilishakufa kabla yake.
Lakini alikuwa sahihi. Zilikuwa tatu.

Sisi tuliopata mshahara
tulinunua soda, kochi, na pikipiki ya kutupandisha.

Basi nimeanza. Sisemi nimeweza.
Asubuhi napanda ngazi kwa miguu yangu,
vijana wa pikipiki wananipigia honi, "Mama, twende!"
nami midomo inacheza, wanadhani ni rozari.
Kila ngazi kumi, tarakimu moja ya Nsimire.
Sifuri. Tisa. Tisa.
Kwenye mfereji inanitoka ya nne,
nageuka, nashuka kuitafuta
kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Chumvi naionyesha sufuria, kisha naificha.
Kasiksi ya Jumapili, glasi moja; ya pili naiambia ingoje.
Usingizi ndio mgumu.
"Lala saa saba," anasema daktari.
Saa saba ya usiku ndiyo ninayoamka.
Mwaka ule tuliolala na viatu miguuni
sikio langu lilipewa zamu,
na hakuna aliyekuja kulipokea.

Alhamisi naenda Muhungu kwa Cibalonza,
niliyekaa naye bega kwa bega mbele ya ule ubao.
Kwake masikio ndiyo yaliyotangulia.
Alianza kuitikia "ndiyo" kwa kila swali,
hata "umekula nini?"
Akaacha misa ya alfajiri, akaacha likelemba,
akaacha kukaa kibarazani. Tukasema ana maringo.
Nasema tukasema. Nilikuwemo.
Kufuli lisilofunguliwa huota kutu kutokea ndani.

Sasa ananiita dada wa sadaka.
Tunachambua maharage, hatusemi mengi;
vidole vyake vinavishinda vyangu,
kijiwe kimoja hakimpiti.
Wiki iliyopita, sijui nilifikiri nini,
niligonga kijiko kwenye kikombe, mara mbili,
kama kengele ya ubao wetu,
nikainamia sikio la kushoto, lile lenye uhai:
"Alo, Posta?"

Akakaa wima.
Maharage yakamwagika. Mkono wa kulia
ukatafuta waya hewani, ukaupata.
"Alo," akasema, kwa sauti
ya msichana wa miaka ishirini na mitatu,
"namba ngapi?"

Nikampa ya Nsimire. Yote,
bila kushuka hata ngazi moja.

"Subiri, mama," akasema.
"Kuna mtu kwenye laini."

Tukasubiri.